Kuku Namba Saba

Mshonaji alitoka kupeleka sare za shule, akaingia uani huku akijipepea kwa kitambaa cha furushi, akamkuta mjomba wa mume wake amekaa kwenye kiti cha mito, vidole vinang'aa mafuta, anamalizia paja. Alifurahi kumwona. Mjomba alikuwa mtu wa vichekesho na hakuja mara kwa mara. Furaha ile iliisha alipotupia jicho dirisha la jikoni. Pale dirishani, ndani ya kisahani, palikuwa na pete ndogo ya mguu wa kuku, imeoshwa kwa sabuni ikatakata, na namba yake ilisomeka hata kwa mbali. Ilikuwa saba.

"Karibu, mwanangu, karibu chakula," akasema mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Tangu mshonaji aolewe katika nyumba ile hajawahi kukaribishwa kwa sauti tamu kama hiyo. "Mjomba wako kausifia mchuzi mpaka nimeona haya."

"Leo dada yangu kanitoa kimasomaso," mjomba akasema, akijilamba kidole gumba. "Mara ile, nakumbuka, nimewekewa maharage, na kuku wananipita hapa miguuni, mmoja ananitazama hivi, kama ananiuliza: bado tu unatafuna?"

Akacheka, na Bibi akacheka kwa sauti kuliko yeye. Mshonaji naye akacheka, maana angefanya nini mbele ya mgeni? Akakaa. Bibi akamwekea sahani na kumchagulia kipande mwenyewe, kipapatio cha kulia, kinono, kimekolea mchuzi. Ni chini ya bawa lile lile ndipo kuku alipokuwa akitolewa damu. Mshonaji alikitazama kile kipapatio kwa muda, akakila. Kibaya zaidi, kilikuwa kitamu.

Kuku wale hawakuwa wa nyumba hii. Walikuwa wa chuo kikuu. Chuo kiliwagawa katika nyua za watu mtaani, kwenye mabanda ya waya ambayo mbu aliingia na kutoka apendavyo, na kila baada ya muda alikuja binti mmoja mtafiti, akamtoa kila kuku damu kidogo chini ya bawa, akaenda kuipima maabara. Walikuwa wanakitafuta kirusi fulani kinachobebwa na mbu. Kuku aking'atwa haugui wala hamwambukizi mtu, ila damu yake inabaki na alama. Alama ikionekana kwa kuku, basi mbu mwenye kirusi yuko mtaa huo na anawang'ata watu pia, na chanjo mpya inayojaribiwa na chuo italetwa hapo mapema, kabla ugonjwa haujashika kasi. Mayai yalikuwa ya wenye nyumba. Nyama haikuwa yao. Mshonaji aliahidi kwa kinywa chake, mbele ya profesa mwenyewe, kwamba kuku hawa hawauzwi, hawagawiwi na hawachinjwi.

Bibi hakuwahi kuikubali habari hiyo. Kwake, kuku asiyeliwa alikuwa ndege wa mapambo.

"Mama, hawa wako kazini," mshonaji alimweleza siku walipoletwa.

"Kazini!" Bibi alisema. "Na tai wanavaa?"

* * *

Fundi saa, mume wa mshonaji, alirudi kutoka kibandani kwake wakati mjomba anaaga. Wakamsindikiza mgeni hadi njia panda, wakapungiana mikono, wakarudi. Mshonaji akamvuta mume wake chumbani na kufunga mlango.

"Mama kachinja kuku wa chuo."

"Yupi?"

"Saba."

Fundi saa akakaa kitandani. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyembamba na macho yaliyozoea vitu vidogo. Vitu vikubwa vilimpa shida. "Kwa nini saba, jamani?"

"Ndiye aliyenona."

"Lakini si ndiye yule ambaye Daktari Bado alimshangilia..."

"Ndiye huyo huyo! Ndiye mwenye alama ya ugonjwa kwenye damu! Mtaa wote huu ni yeye peke yake, na sisi tumemla!"

Wao walidhani wananong'ona. Nje ya mlango Bibi alikuwa anapita na beseni la vyombo. Alisimama ghafla, vijiko vikalia ndani ya beseni. Kisha akaenda zake taratibu mpaka chumbani kwake, na usiku ule hakutoka tena, hata kwa chai.

Daktari Bado ndiye yule binti mtafiti. Siku ya kwanza alipokuja, fundi saa alimwita daktari, naye akajibu kwa heshima, "Bado, baba, bado nasoma." Bibi akadakia kutoka jikoni, "Basi huyu ni Daktari Bado," na jina likamganda. Hata akipiga simu alijitambulisha hivyo. Safari yake ya mwisho alikuja mbio, begi linamruka mgongoni, akamkumbatia mshonaji pale pale bandani. Namba saba ana alama! Wa kwanza katika mji mzima! Profesa ameshaanza kuutaja mtaa huu kwenye mikutano ya chanjo. Bibi siku hiyo alikuwa amekwenda zahanati kutibiwa kucha zake zinazomsumbua, kwa hiyo hakuyasikia.

"Tumpigie simu," mshonaji akasema. "Tumweleze ukweli, yaishe."

"Tumweleze nini? Kwamba mama yangu mwizi wa kuku?"

"Nani kasema mwizi?"

"Profesa atakuja na gari la chuo, atasimama hapo uani na miwani yake. Majirani watajaa. Mama yangu atauweka wapi uso wake?"

Uso wenyewe mshonaji alikuwa ameuona leo mezani. Tangu siku ile ya maharage mjomba alikuwa hajaacha kuisimulia. Kila ndugu walipokutana alikuwa na habari za dada yake mwenye kuku wa kutazama. Watu walicheka, na Bibi alicheka nao, kisha akirudi nyumbani anakaa kimya siku nzima. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa wima. Kumwinamisha tena lilikuwa jambo zito, na mkwe kumwinamisha mama mkwe lilikuwa zito zaidi.

"Atagundua," akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyeshaanza kukubali.

"Kuku na kuku," fundi saa akasema. "Nani anamjua kuku kwa sura?"

Wakanunua kuku mwingine sokoni, wa rangi ya kahawia kama marehemu, mwenye mkia mweusi kama marehemu. Fundi saa akaichukua ile pete akaenda nayo kwenye meza yake ya kazi. Pete zile zilifungwa kwa ribiti, kipini cha chuma kidogo mno, kusudi mtu asizibadilishe. Anayelazimisha anazivunja. Fundi saa hakulazimisha. Aliweka kioo chake jichoni, akaishika kama anavyoshika saa ya mwanamke, akaifungua bila kuacha mkwaruzo, na jioni ile ile ikafungwa kwenye mguu wa yule kuku wa sokoni. Lakini kabla ya kuirudisha aliing'arisha. Hakuwahi kurudisha kitu kwa mwenyewe kikiwa kichafu. Ukimpelekea saa abadilishe mkanda tu, utaipokea inameta kama mpya. Alifanya hivyo bila kufikiri, na alipomaliza alipiga mluzi.

* * *

Daktari Bado alikuja siku yake kama kawaida, na kisanduku chake cha baridi na sindano zake. Kazi ya mshonaji ilikuwa kuwapakata kuku. Alikaa kwenye kigoda, akamlaza kuku ubavu juu ya mapaja, akamfunika macho kwa kiganja, na Daktari Bado akapiga magoti mbele yake, akakunjua bawa, akautafuta mshipa. Wote walitulia kama wateja wa zamani. Ilipofika zamu ya namba saba, kuku alipiga makelele kana kwamba anatekwa nyara, akamkwaruza mshonaji mkono.

"Namba saba leo ana nini?" Daktari Bado akauliza.

"Joto," mshonaji akajibu.

Binti akampulizia kuku usoni taratibu, akamwita mama, akamwambia ajikaze, tumekaribia. Alikuwa anamsifu kwa kazi nzuri ambayo mwingine ndiye aliifanya.

Bibi hakutoka. Kwa kawaida alikuwa wa kwanza kubeba kiti chake na kuja kukaa karibu na banda, aulize habari za chuo, na kama kuna kijana yeyote mwenye akili huko. Leo alisema miguu inamuuma. Mshonaji alimchungulia akamkuta anasugua sufuria. Ilikuwa sufuria ile ile ya siku ya mjomba, na alikuwa ameshaisugua jana na juzi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Bibi alimpigia simu kaka yake mdogo. Mshonaji alimsikia kupitia ukutani.

"Umeamkaje? ... Tumbo? ... Na kichwa? ... Hebu kohoa nisikie. ... Hapana, hakuna kitu. Mtu haruhusiwi kumjulia hali ndugu yake?"

Mjomba alifurahi sana. Alimwambia kila mtu kwamba dada yake amebadilika, kwamba uzee umemlainisha, kwamba kumbe kuku mmoja tu anaweza kurudisha upendo uliopotea. Mshonaji naye aliposikia akaamini hivyo, akaona wivu kidogo, maana kwake yeye Bibi alikuwa amekuwa mkimya, halali vizuri, na chakula anakidonoa tu.

* * *

Daktari Bado akarudi siku isiyo yake. Alikuja bila kisanduku na bila begi, macho yamemvimba, akakaa kwenye kigoda cha mshonaji bila kukaribishwa. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani barazani, na fundi saa alikuwa amekuja nyumbani kula. Wote wawili walielewa hapo hapo, lakini walijifanya hamnazo.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nimeharibu, mama." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Damu ya namba saba haina alama. Nimeipima, nimeirudia, nikaenda kuirudia kwenye mashine nyingine. Hakuna kitu. Na alama ile haifutiki upesi hivyo."

"Labda mashine..." fundi saa akaanza.

"Mashine nzima, baba. Mbovu ni mimi. Nimechanganya vichupa. Sijui ni safari hii au ni mara ile, lakini nimechanganya, na kama nimechanganya namba saba nani ataniamini kwamba sijachanganya wengine? Kesho naenda kwa profesa kumwambia afute matokeo yote. Ya mtaa huu wote. Nianze upya."

"Yote?" mshonaji akauliza. "Hata ya kuku wengine?"

"Yote. Na mtaa huu utatolewa kwenye mpango wa chanjo, maana ulikuwemo kwa ajili ya namba saba tu." Akainuka, akaenda mpaka bandani, akamtazama yule kuku kwa upendo wa mtu anayeaga. "Wala si kosa lako, mama," akamwambia. Kisha akainama. "Mbona pete yake inang'aa hivi?"

Cherehani ilikuwa inatembea, ikasimama. Fundi saa akakohoa.

"Niliisafisha," akasema. "Ilikuwa... nilipita tu, nikaona chafu."

Hapo ndipo wangeumbuliwa, na mshonaji alitaka waumbuliwe. Alimtazama yule binti, akangoja akunje uso, aulize pete iliyofungwa kwa ribiti inasafishwaje juu ya mguu wa kuku. Lakini Daktari Bado aligeuka na kutabasamu, machozi yakiwa bado yapo.

"Nyumba zingine wanawatupia maganda," akasema. "Ninyi mnawasafishia mpaka pete. Hata nikianza upya, mama, nitaanzia hapa."

Mshonaji alitazama chini akaona mshono wake umekwenda upande, umeshona mkono wa shati pamoja na kola. Alishona tangu akiwa msichana na hakuwahi kufanya kosa kama hilo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hii haikuwa tena habari ya kuku wala ya mchuzi. Mtoto wa watu alikuwa anajishitaki kwa kosa lao, na alikuwa anawashukuru juu yake. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Huyo si namba saba."

"Mke wangu," fundi saa akasema polepole.

"Huyo si namba saba," akarudia. "Tulimnunua sokoni, pete akaihamisha mume wangu. Hukuchanganya chupa yoyote. Namba saba tulimla."

Daktari Bado alibaki mdomo wazi. "Mlimla?"

"Mgeni alikuja ghafla. Nilimchinja mimi." Aliyasema hayo akitazama ukuta. "Ni mimi niliyeahidi na ni mimi niliyevunja. Mwambie profesa hivyo hivyo."

"Mwongo huyo!"

Bibi alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, sufuria mkono wa pili. "Usimsikilize, binti. Yeye hata kisu chenyewe hajui kukishika, kuku akimwona anamcheka. Nilimchinja mimi. Alikuwa kapeleka sare, hakuwepo. Aliporudi alikuta mchuzi uko mezani."

"Mama, nyamaza," mshonaji akasema. "Nimeshasema ni mimi."

"Nyamaza wewe! Unataka kunibebea mzigo wangu, nimekwambia sina mabega?" Lakini sauti yake ilikatika katikati, na akaja akakaa kwenye ngazi, sufuria mapajani. Alipomgeukia Daktari Bado alikuwa mdogo, mzee, na ameogopa. "Niambie tu ukweli, mwanangu, usinifiche. Ndugu yangu atakufa lini?"

"Ndugu yako yupi, bibi?"

"Aliyemla. Mimi sijali, nimeshakula chumvi ya kutosha. Lakini yeye ndiye mdogo wangu, na ndiye aliyekula mapaja yote mawili. Nilisikia kupitia mlango kwamba kuku alikuwa na ugonjwa kwenye damu. Kila siku nampigia simu. Kila siku namkohoza. Hata hivi leo nimesikia sauti yake ina mkwaruzo."

Mshonaji alimtazama mama mkwe wake, akakumbuka zile simu za asubuhi na ile sufuria. Muda wote huo mwanamke huyu alikuwa anangoja msiba peke yake, upande wa pili wa ukuta.

Daktari Bado akaja akachuchumaa mbele ya Bibi, akaiweka sufuria pembeni, akamshika mikono yote miwili.

"Bibi, nisikilize. Namba saba hakuwa mgonjwa. Ile alama ni kama kovu. Kirusi kilimwingia zamani, mwili wake ukapigana nacho ukakishinda, likabaki kovu. Kovu halimwambukizi mtu. Na mchuzi ulichemka?"

"Ulichemka mpaka mifupa ikalegea."

"Basi ndugu yako alikula kuku shujaa, hakuna zaidi ya hapo."

"Hatakufa?"

"Atakufa siku yake, kwa jambo lingine."

Bibi aliangua kicheko kikubwa ambacho kiligeuka kilio, kisha kikawa kicheko tena, akajifuta kwa pindo la nguo. Daktari Bado naye akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini kabisa mavumbini na shati lake jeupe. "Sikuchanganya," alikuwa anasema. "Sikuchanganya! Mmemla! Asanteni jamani, mmemla!" Fundi saa, ambaye hakuwahi kushukuriwa kwa jambo kama hilo, alivua kioo chake cha jichoni alichokuwa amekisahau tangu asubuhi, akakifuta, akakivaa tena.

* * *

Profesa alipopigiwa simu hakucheka. Sauti yake ilitoka kali hata wale waliokaa mbali waliisikia, na Daktari Bado alisimama wima katikati ya uwanja akisema ndiyo profesa, ndiyo profesa. Kisha mshonaji akaiomba simu. Akasema jina la ukoo wao, akasema aliahidi na hakutimiza, na aliyeficha ni yeye na mume wake, na binti hana kosa. Akasikiliza. Alisema "nimestahili" zaidi ya mara moja. Ilikuwa aibu, ndiyo, lakini ilikuwa aibu ya aina ile inayomwacha mtu mwepesi, kama kutapika.

Mwisho profesa akauliza ile damu ya kwanza ya namba saba iko wapi. Daktari Bado akasema ipo, iko kwenye friza la maabara. Basi ipimwe tena, akasema profesa. Na wale kuku wengine wabaki hapo walipo, kwa sharti moja: banda litiwe kufuli, na ufunguo akae nao mtu mmoja atakayewajibika.

Walitazamana. Fundi saa akamtazama mke wake. Mke wake akamtazama Bibi.

"Mimi?" Bibi akasema.

"Wewe, mama," mshonaji akasema. "Nani mwingine anayeweza kuwalinda na wewe?"

Bibi alitaka kukasirika lakini hakufanikiwa. Akaupokea ufunguo wa kufuli aliloleta fundi saa, akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni. Daktari Bado akaifungua ile pete ya saba kwa koleo lake, akaitia mfukoni, akamgeukia yule kuku wa sokoni. "Huyu ni wenu, mlimnunua. Fanyeni mnavyotaka."

Kuku akainua shingo kama anayejua anazungumziwa. Bibi akamwangalia kwa muda mrefu, mnono, wa kahawia, mkia mweusi.

"Mpe pete na yeye," akasema. "Ametolewa damu, amevumilia. Mpe kazi."

Daktari Bado akaenda zake jua likiwa bado liko juu, na kabla ya jioni akatuma ujumbe: damu ya kwanza ya namba saba imepimwa tena, alama ipo pale pale, mtaa unabaki kwenye mpango. Fundi saa aliusoma ujumbe kwa sauti mara mbili. Mshonaji akaifumua ile kola aliyoishonea mkononi, akiimba chini chini, na kufumua hakukumwudhi hata kidogo.

Usiku huo Bibi alikula akaongeza, akalala fofofo. Asubuhi jua lilimkuta bado kitandani, na mshonaji, aliyezoea kuamshwa na zile simu kupitia ukutani, alichelewa kuamka. Walikuwa wanakunywa chai barazani simu ya Bibi ilipolia. Aliitazama kwa wasiwasi, akaipokea, na kwa kuwa hakuwahi kujua kupunguza sauti, wote walimsikia mjomba.

"Dada! Kulikoni? Unaumwa?"

"Mimi? Mzima kabisa."

"Mbona leo hukunipigia? Nimekaa na kikombe mkononi mpaka chai imepoa. Mimi siku hizi sinywi chai kabla hujanikohoza."

Bibi akaushika ule ufunguo kifuani, akaugeuza geuza. Mshonaji alijifanya anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Nilipitiwa na usingizi," Bibi akasema. "Haya. Umeamkaje? Tumbo?"

"Tumbo zima."

"Kohoa."

Mjomba akakohoa, kikohozi kizuri, kikavu, cha mtu mwenye afya. Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nitakupigia kesho," akasema. "Na kesho kutwa."

"Kwa nini tupigiane simu tu? Jumapili nakuja."

"Njoo. Lakini nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia: ni maharage."

"Maharage! Na kuku wote wale, dada?"

Bibi akageuka kuelekea bandani, ambako kuku walikuwa wanapekua mavumbi nyuma ya kufuli lake, yule wa sokoni naye akiwa katikati yao na pete mpya mguuni.

"Wale waache," akasema. "Wale wako kazini."